Kuonja Si Kunywa: Divai, Mafuta ya Zeituni na Pua ya Mkulima

Mwezi wa Oktoba 2025, katika hija ya maombi ya kila mwaka kule Subukia, Kaunti ya Nakuru, maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini waliwaonyesha waumini divai mpya ya misa iliyotengenezwa Afrika Kusini, kwa sababu ile ya awali ilikuwa imezagaa kwenye mabaa na kuuzwa kama kinywaji kingine chochote. Mjadala uliofuata, kwenye matatu na nje ya makanisa, ulionyesha kwamba wengi wetu tunayachanganya maneno divai, mvinyo na pombe, na kwamba hatujui kwa hakika kilichomo ndani ya chupa hizo. Mwezi wa Machi mwaka huo huo nilikuwa nimeandamana na msafara wa wakulima kutoka Njoro, Bahati na Molo hadi Paarl, katika jimbo la Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, ambako tulitembelea shamba la familia moja inayolima mizabibu na mizeituni pamoja. Tangu niliporudi nimeulizwa maswali mawili tu, na watu wengi tofauti: je, mlishinda mkinywa? Na mafuta ya zeituni yanaonjwaje, ilhali sisi tunayajua kuwa ya kupaka?

Maswali hayo ni ya haki, na majibu yake yanaanzia kwenye maneno. Zabibu ni tunda; neno lenyewe ni la Kiarabu, na huko lilikotoka lina maana ya zabibu kavu. Divai ni juisi ya zabibu iliyochachuka. Neno mvinyo, lililotokana na Kireno, asili yake ni hiyo hiyo divai, lakini katika mazungumzo ya Wakenya wengi limehamia kwenye vileo vikali vya chupa ndogo. Hata Biblia ya Kiswahili ya Union inatumia yote mawili: kwenye harusi ya Kana mama yake Yesu anasema “Hawana divai”, na Waefeso wanaambiwa wasilewe kwa mvinyo, ingawa katika Kigiriki neno ni lile lile moja. Msomaji asiyelijua hilo anaweza kudhani kwamba divai ni kinywaji kisicholevya na mvinyo ndicho kinacholevya, jambo ambalo si kweli.

Tofauti ya kweli haiko kwenye jina bali kwenye namna kinywaji kinavyotengenezwa, na watu wa magharibi mwa Kenya wanaielewa kuliko wanavyodhani. Busaa huchachuka na kunywewa ilivyo. Chang’aa huchemshwa, mvuke wake ukakusanywa na kupozwa, na kwa njia hiyo kileo kikakolezwa mara kadhaa. Divai iko upande wa busaa. Ukiichukua divai na kuichemsha hivyo utapata brandi, na hapo ndipo ulipo upande wa chang’aa. Divai ya misa nayo ni divai kamili, yenye kileo: sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka iwe ya asili, iliyotokana na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Haisemi iwe nyekundu.

Shamba tulilolitembelea ni dogo kwa vipimo vya huko. Liko chini ya miamba ambayo, inaponyeshewa na kupigwa na jua, hung’aa kama lulu, na ndiyo sababu mji ukaitwa Paarl, yaani lulu kwa Kiholanzi. Tunaposema shamba linaendeshwa na familia, maana yake ni kwamba mtu aliyeupogoa mzabibu ndiye anayezikamua zabibu, ndiye anayeijaza chupa na ndiye anayekumiminia mezani, kwa hiyo ukiwa na swali huna haja ya kutafuta meneja. Jambo hilo liliwagusa wenzangu kuliko nilivyotarajia. Mkulima wa Molo hupeleka maziwa kituoni alfajiri na hajui yamegeuka mtindi wa nani. Anayechuma majani chai Kericho huenda asionje hata siku moja chai iliyotokana na kichaka chake. Hapa baba alikuwa mizabibuni, mama alikuwa kwenye meza ya wageni, na binti yao ndiye aliyekuwa akisimamia kinu cha mafuta.

Mizabibu hupandwa kwa mistari na kutambazwa kwenye nyaya, kama wakulima wetu wanavyotambaza matunda ya karakara. Mwanzoni mwa kila mstari palikuwa na kichaka cha waridi, na wengi wetu tulidhani ni mapambo. Kumbe ni desturi ya kale, kwa kuwa waridi hushikwa mapema na ugonjwa wa ukungu mweupe na hivyo kumpa mkulima tahadhari. Chini ya kila shina kuna kovu la kupandikizia, sawa na lile tunaloliona kwenye miche ya parachichi ya Hass. Sababu yake ni mdudu mdogo anayekula mizizi, filoksera, aliyeangamiza mizabibu ya Ufaransa katika karne ya 19 na kugunduliwa huko Rasi mwaka 1886. Mizizi ya mizabibu ya Marekani humstahimili, na tangu wakati huo sehemu kubwa ya mizabibu ya dunia husimama juu ya mizizi ya kuazima. Divai yenyewe ni ya zamani zaidi huko: ya kwanza ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, miaka saba tu baada ya Waholanzi kutia nanga.

Kutengeneza divai ni jambo rahisi kulieleza na gumu kulifanya vizuri. Zabibu zilizoiva vizuri zina takriban gramu 200 hadi 250 za sukari katika kila lita ya juisi. Hamira huila sukari hiyo na kutoa kileo na hewa ya ukaa, na kila gramu 17 hivi za sukari katika lita huzaa asilimia moja ya kileo. Ndiyo maana divai nyingi hukaa kati ya asilimia 11 na 14 na nusu bila kuongezwa kitu. Ikiwa hamira imeila sukari karibu yote, divai haitakuwa tamu, na Mkenya aliyezoea vinywaji vya rangi nyekundu vyenye sukari nyingi atadhani imeharibika. Haijaharibika. Rangi nayo hutoka kwenye ganda, si kwenye nyama ya tunda: ukikamua zabibu nyeusi na kuyaondoa maganda mara moja utapata juisi isiyo na wekundu, na ukiyaacha maganda yachachuke pamoja na juisi utapata divai nyekundu.

Maganda hayo na kokwa ndiyo huleta kile ambacho wageni wengi hukiita “ukali” wa divai nyekundu. Kiswahili kina neno sahihi zaidi, ukakasi, yaani ile hali ya ulimi na fizi kukauka kana kwamba umetafuna ndizi mbichi. Ukakasi huo hutokana na tanini, na kila anayekunywa chai anaujua. Mimina chai ya rangi iliyokaa kwenye birika nusu saa, unywe bila maziwa, na utausikia kwenye mashavu. Tia maziwa, na utapungua, kwa kuwa tanini hushikana na protini ya maziwa badala ya ile ya mate yako. Kwa sababu hiyo hiyo divai nyekundu yenye ukakasi hulainika ikinywewa pamoja na nyama au jibini.

Kuonja ni ukaguzi. Mnadani Mombasa, ambako chai yetu huuzwa, muonjaji hupitia vikombe vingi kwa siku. Kila kimoja kimetengenezwa kwa kipimo kile kile cha majani, maji na dakika. Huchota kijiko, huivuta chai kwa kishindo ili isambae kinywani pamoja na hewa, kisha huitema. Hakuna anayesema kwamba mtu huyo ameshinda akinywa chai. Karani wa kituo cha maziwa naye, kabla hajashika kipimo chochote, hufungua mfuniko na kuingiza pua, kwa sababu pua iliyozoea humwambia kwa sekunde moja kama ng’ombe amekula majani yenye harufu au kama mtungi haukuoshwa. Kuonja divai ni kazi hiyo hiyo.

Mwenyeji wetu alimimina kidogo sana, kama mililita 30 tu, akatuonyesha hatua zake bila haraka. Kwanza unaitazama divai mbele ya kitambaa cheupe. Kisha unaizungusha glasi ili harufu ipande, unaingiza pua, unavuta pumzi. Ndipo unapotia kidogo kinywani, unavuta hewa juu yake, unasikiliza utamu, uchachu, ukakasi na ule moto wa kileo kooni, halafu unatema kwenye ndoo iliyowekwa mezani. Kutema si utovu wa adabu. Anayetema anaonekana kuwa anafanya kazi. Hesabu yenyewe inaeleza sababu. Vionjo sita vya mililita 30 ni mililita 180, na kwa divai ya asilimia 13 hizo ni mililita 23 za kileo halisi, zaidi kidogo ya zilizomo katika chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2. Anayemeza vyote na kushika usukani amekunywa bia moja kamili, na alkoblo, ile mashine ya polisi ya kupima pumzi, haitamuuliza kama alikuwa akionja.

Katika msafara wetu alikuwapo mama mmoja mfugaji kutoka Njoro, ambaye kwa imani yake hanywi kileo. Alitaka kwenda kukaa nje. Mwenye nyumba akamwambia, “Mama, kaa nasi, harufu haina kosa,” naye akabaki. Aliyoyapoteza kwa kutoitia divai kinywani hayakuwa mengi, kwa kuwa ulimi wenyewe hutambua mambo machache tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda puani kutoka nyuma ya koo, na aliyewahi kula akiwa na mafua anajua chakula kinavyobaki bila habari.

Mama huyo alinusa glasi ya divai nyeupe ya Chenin Blanc, aina inayolimwa kwa wingi kuliko nyingine zote Afrika Kusini, akauliza kama wametia ndizi mbivu. Swali lake ndilo linalozaa uvumi mkubwa kuliko wote kuhusu divai. Watu husoma kwenye chupa kwamba divai ina harufu ya ndizi, ya pilipili hoho au ya matunda ya damu, wakahitimisha kwamba ni rangi na manukato ya dukani. Ukweli ni kwamba hamira, inapoila sukari, hutengeneza pia viambata vingine, na mojawapo ni isoamili asetati, kile kile kinachoipa ndizi mbivu harufu yake. Pilipili hoho na zabibu za Sauvignon Blanc nazo zina kiambata cha jamii moja. Kwa hiyo mama yule hakukosea hata kidogo: pua yake ilisoma sawasawa, ila ndizi haikuwahi kukaribia pipa.

Macho ndiyo hukosea. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi 54 wa elimu ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Wale walikuwa watu wa fani, si wageni. Nalikumbuka jaribio hilo kila ninaposikia mtu akihukumu kwa rangi ya kinywaji au kwa uzito wa chupa.

Vikombe vya mafuta vilipoletwa, vilikuwa vya glasi ya buluu iliyokolea, kiasi kwamba hatukuweza kuona kilichomo, na sababu ni ile ile. Watu wengi huamini kwamba mafuta ya zeituni yakiwa ya kijani zaidi ndiyo bora. Kijani hicho hutegemea aina ya tunda na wakati wa kuchuma, na hakisemi lolote la uhakika kuhusu ubora. Kikombe cha buluu humnyima muonjaji nafasi ya kudanganyika.

Mafuta ya zeituni ni juisi ya tunda, na hapo ndipo yanapoachana na mafuta ya kupikia tuliyozoea. Mahindi na soya hutoa mafuta kutoka kwenye mbegu kavu, kwa kawaida kwa joto na kemikali, kisha husafishwa hadi yasiwe na harufu wala ladha. Zeituni, kama parachichi, ina mafuta kwenye nyama yake. Husagwa nzima pamoja na kokwa, rojo lake likakorogwa polepole chini ya nyuzi 27 ili harufu isipotee, kisha mashine inayozunguka kwa kasi ikatenga mafuta na maji. Hutumika kilo tano au zaidi za zeituni kupata lita moja. Zeituni hizo haziliki zikitoka mtini. Nilimega moja, na uchungu wake ulinikaa mdomoni hadi tulipokula chakula cha mchana. Zile za kwenye mitungi zimelowekwa kwanza kwenye maji ya chumvi kwa muda mrefu. Na za kijani na nyeusi zinaweza kuwa za mti mmoja, zimepishana kuiva tu.

Maneno “ekstra vajini” kwenye chupa ni daraja lenye masharti, ingawa wengi huyachukulia kama sifa ya kibiashara. Mafuta yawe yametolewa kwa kukamua tu bila kemikali, asidi huru isizidi asilimia 0.8, na jopo la waonjaji 8 hadi 12, wakitumia vikombe hivyo vya buluu vilivyopashwa hadi nyuzi 28 hivi, lisikute kasoro hata moja. Yaani maabara peke yake haitoshi. Sharti binadamu wanuse. Chupa iliyoandikwa “mafuta ya zeituni” bila nyongeza mara nyingi huwa mchanganyiko wa mafuta yaliyosafishwa na kiasi cha yale ya kukamuliwa. Ile inayotangazwa kuwa “nyepesi” ni nyepesi wa ladha tu. Nguvu anayoipata mlaji ni kalori 9 kwa gramu, kama mafuta mengine yote.

Tulikifumbata kikombe kwa kiganja kimoja, tukakifunika kwa kingine, tukangoja kipate joto la mwili. Harufu ilipopanda ilikuwa ya majani yaliyofyekwa asubuhi na nyanya mbichi. Kisha tukavuta kidogo kwa kishindo, kama waonja chai, na kundi zima likakohoa. Mzee mmoja wa Bahati alisema waziwazi kwamba mafuta hayo yameharibika, kwa kuwa yamemkwaruza koo. Ni kinyume chake. Mkwaruzo huo hutokana na oleokanthali, kiambata kilichomo kwenye mafuta mabichi yaliyokamuliwa vizuri, na mwaka 2005 wanasayansi walieleza kwamba kinafanya kazi mwilini kwa njia inayofanana na ya ibuprofeni, dawa ya maumivu. Mafuta yasiyo na uchungu wala mkwaruzo wowote huenda ni ya zamani au yamesafishwa.

Binti wa nyumba kisha akaleta vikombe vitatu bila kusema kitu. Tulinusa, tukasifu vyote. Mama wa Njoro alirudi kwenye cha pili mara mbili, akakirudisha mezani na kusema, “Hiki ni njugu za mwaka juzi.” Ndicho kilichokuwa na kasoro: mafuta yaliyoachwa dirishani kwenye chupa nyeupe kwa miezi mingi ili wageni wajifunze harufu ya mafuta yaliyochacha. Alipoulizwa amejuaje, alijibu kwamba amenusa mitungi ya maziwa kila alfajiri kwa miaka thelathini.

Harufu ile niliitambua pia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye chupa yangu ya nyumbani, niliyoinunua katika duka moja mjini kutoka rafu inayopigwa na jua mchana kutwa, nami kwa miaka nikadhani mafuta ya zeituni ndivyo yanavyonuka. Mwanga, joto na hewa huyaua. Divai chache hupata ubora zaidi zikikaa. Mafuta hayapati hata siku moja. Chagua chupa ya rangi nzito au mkebe, tafuta mwaka wa mavuno kabla ya kuangalia bei, na ukiifungua imalize kwa miezi michache badala ya kuitunza kwa ajili ya wageni. Vichupa vya duka la dawa ni bidhaa nyingine: vinauzwa kwa ngozi na nywele, vingine vimechanganywa na manukato, na visiingie jikoni hata kama jina linafanana. Mafuta ya kuombea kwa kawaida ni mafuta hayo hayo ya zeituni yaliyobarikiwa. Si aina ya pekee inayotengenezwa kiwandani. Gethsemane yenyewe maana yake ni shinikizo la mafuta.

Limebaki swali la miche, kama itakubali kwetu, ambalo wakulima wetu walikuwa nalo tangu tulipopanda ndege. Mzabibu unakubali kwetu. Karibu na Naivasha, kwenye shamba la Morendat, kuna mizabibu inayotoa divai ya Leleshwa, iliyopewa jina la kichaka cha kijivu kinachoota kotekote Bonde la Ufa. Na Dodoma nchini Tanzania huvunwa zabibu mara mbili kwa mwaka. Kwa kuwa karibu na ikweta hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima huulaza na kuuamsha kwa mkasi wa kupogolea. Mzeituni haudanganyiki kwa mkasi. Unahitaji majuma ya baridi ya kweli ndipo ufanye maua, na bila hayo unaweza kusimama Nakuru miaka ishirini ukiwa na majani mazuri ya kijivu na usizae cha kukamua. Ndugu yake yuko nasi tayari, kwenye misitu ya miinuko yetu: mutamaiyu wa Wakikuyu, oloirien wa Wamaasai, ambao kwa wataalamu wa mimea ni spishi ile ile ya mzeituni. Huo huchanua kwetu bila shida, lakini tunda lake ni dogo mno, kokwa tupu na ngozi, na watu wameuthamini kwa mbao zake ngumu na mkaa, si kwa mafuta.

Mama wa Njoro aliyasikiliza hayo, akaurudisha mche aliokuwa ameushika, akanunua nusu lita ya mafuta ya mavuno ya mwaka uliotangulia kwenye mkebe mweusi. Aliniambia juzi kwamba yalikwisha kabla ya Juni, mengi yakiwa yamemiminwa juu ya maharagwe na sukuma wiki baada ya sufuria kutoka motoni, na kwamba wajukuu wake walikohoa siku ya kwanza, kisha wakazoea.